"Nimeshaanza, wewe malizia tu": kwa nini bei yake inazidi ya kuanza upya

Mimi nadarizi majina kwenye vitambaa kwa mkono, na kuna dada kanitumia voice note ndefu kwamba namwibia. Alileta foronya mbili za mdogo wake anayeolewa, moja jina la bibi harusi nyingine la bwana, kwenye ya kwanza herufi tatu kashazidarizi mwenyewe nyumbani, akataka nimalizie zilizobaki kwa nusu bei. Nikamwambia bei ni ileile ya jina zima na juu yake kuna hela ya kufumua. Akaona namkomoa. Na sio yeye tu, hili la "malizia tu" naletewa kila mara, kwa hiyo leo naliandika ili nikiulizwa tena nitume link.

Ile foronya ukiitandaza mezani unaona kabisa mkono ulichokea wapi. Herufi ya kwanza imesimama vizuri tu, hata mimi nilimsifia. Ya pili imeanza kulala. Ya tatu imesinyaa, ndogo kuliko wenzake, na kitambaa pembeni yake kimekusanyika mikunjo ambayo hata upige pasi vipi haitoki kwa sababu ni uzi wenyewe umevutwa. Hapo mimi siwezi kuendelea na herufi ya nne. Nikishona saizi ya ile ya kwanza jina linakuwa na bonde katikati, nikifuata ya tatu naharibu kwa makusudi.

Na chanzo ni fremu, yaani zile ringi mbili za mbao zinazobana kitambaa. Wengi wanaishika hewani, dole gumba juu, vidole vinne chini, wanaikaba kweli kweli. Wanaikaba kwa sababu kitambaa kimelegea, mkono ukianza kuuma wanavuta uzi wamalize haraka, wakivuta kitambaa kinalegea zaidi, basi ndio mzunguko huo. Mimi kitambaa nakikaza mpaka nikikigonga kwa kucha kinalia, halafu fremu naiegemeza ukingo wa meza au juu ya mto mapajani, mkono wa kushoto unaongoza tu, haubebi kitu. Kwa majina natumia ya inchi tano, sio ile kubwa ya inchi kumi ambayo vidole havifiki katikati mpaka ujinyooshe. Ringi ya ndani nimeizungushia utepe wa pamba, haitelezi na haiachi alama. Skrubu ya kukazia fremu naiweka juu kushoto maana nashona kwa kulia, ikikaa upande wa sindano uzi unanasa kila dakika. Nikifika kwenye kona za S nazungusha fremu, sizungushi kiwiko, na hapo mishono inakuwa mifupi, kama milimita moja na nusu hivi, sehemu iliyonyooka inafika tatu. Nikijikuta nimeanza kukaba najua kitambaa kimelegea, nasimama nakaza upya. Na jioni natoa kitambaa kwenye fremu, siachi kilale humo. Yule dada aliiacha muda mrefu kabatini ikiwa imebanwa, likabaki duara la uchafu ambalo nililitoa kwa sabuni ya kipande na subira, na hilo wala sikumchaji.

Kufumua nako watu wanadhani ni kukata na kuvuta. Unakata mshono mmoja mmoja kwa upande wa nyuma, unautoa kwa kibanio, ukivuta uzi mrefu unatoboa foronya. Mishono ikishatoka vitundu vinabaki, inabidi kulowesha na kusugua taratibu kwa kucha vifunge. Nyuma nikakuta kingine, uzi mwekundu umeburutwa kutoka herufi moja kwenda nyingine bila kukatwa, kwenye kitambaa cheupe! Kwa mbele unaonekana kama mshipa. Alikuwa anaokoa uzi, wakati kichane kimoja cha uzi kina mita nane, nyuzi sita ndani yake, mimi natenganisha mbili mbili, kwa jina fupi hakiishi hata nusu.

Kuna mama mwingine wa shali ya mtoto, yeye alinichorea jina kwa biro ili "nisipate tabu". Wino ule ukipanuka kwenye sufi hautoki. Ikabidi herufi ziwe nene, nizijaze zote ili zifunike mistari, kazi ikawa ghali kuliko ile nyembamba aliyoikataa mwanzo. Naomba sana niandikieni jina kwenye karatasi tu, kuchora niachieni.

Najua mashine pale mjini wanatoa jina kwa dakika chache na bei ya soda kadhaa. Sina ugomvi nao, jezi na taulo za hoteli mimi mwenyewe nawaelekeza huko. Ila msije na bei ya mashine mkitaka mkono. Ukitaka kupunguza gharama chagua mwandiko wa kuunganisha badala ya kapitali, sindano inakwenda bila kukatisha uzi kila herufi, na kwangu ni nafuu kweli. Majina ya herufi za Kiarabu pia yanaingia humo. Na kitambaa cha pamba kifueni kwanza kabla ya kuleta, kikija kusinyaa baada ya kushonwa jina lote linakunjamana halafu lawama zangu.

Foronya za yule dada nilizifanya mwishowe, alilipa, na voice note ya pili ilikuwa fupi.

Anayetaka kujifunza aje na kitambaa kitupu na fremu yake, kushika nakuonyesha bure. Kilichokwishaanzwa napokea, ila nafumua kwanza na nachaji. Na Shaabani ikikaribia harusi zinajaa, usiniletee Alhamisi foronya za Jumamosi.