Mama mdogo, kibao hakitaki nguvu

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi nilivyokuja Hombolo, basi lilipiga honi kabla sijakwambia lililonileta. Nakuandikia hapa hadharani, maana wenzako wa kikoba nao wana laptopu walizoachiwa na watoto, zimewashinda.

Kile kibao cha kugusa cha laptopu, kinachosogeza mshale, unakiminya mno. Nilikiona kidole chako kinakuwa cheupe kwenye ncha, utadhani unagonga muhuri. Kibao kile hakipimi nguvu. Chini ya uso wake kuna nyaya nyembamba zenye chaji ya umeme. Ngozi ikikaribia, chaji inabadilika, ndipo kompyuta inajua kidole kiko wapi. Ukucha peke yake hakiutambui. Na ile siku uliyotoka kuosha mlenda ukakaa moja kwa moja mezani, mshale uliruka kama panzi kwa sababu ya maji. Jifute kwanza na khanga. Kisha gusa kama unavyopapasa zabibu ikiwa bado iko kwenye kichala.

Vitufe viwili vya chini ndivyo vya kubonyeza hadi visikike. Cha kushoto ni cha kazi za kila siku. Cha kulia huleta menyu ya kunakili, kubandika na kadhalika. Ikikujia hukuiita, bofya pembeni itaondoka.

Kuburuta ndiko kulikokutoa jasho. Ulitaka kuchagua majina yote ya wanachama kwenye jedwali kwa kidole kimoja. Shikilia kitufe cha kushoto kwa mkono wa kushoto, usikiachie, halafu telezesha kidole cha mkono wa kulia mpaka jina la mwisho. Ndipo uachie. Wapo wanaofanya kwa mkono mmoja, usiwaige bado.

Kushusha ukurasa, vidole viwili pamoja. Basi.

Halafu ule usiku uliponipigia kwamba kompyuta imekufa, na fundi wa mjini ameshataka elfu arobaini abadilishe kibao! Ulikuwa umegusa kitufe kilichoandikwa Fn pamoja na kile kitufe cha juu chenye picha ya kibao kilichokatwa mstari. Kinazima kibao. Ukivibonyeza tena pamoja, mshale unarudi, bure.

Mausi niliyokuahidi sinunui kwanza. Jumamosi nikija nataka nilikute jedwali la mwezi huu limejaa, pamoja na jina lako, ambalo juzi ulilifuta ukidhani unalisogeza.