Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mhandisi: turudishie nguzo zetu mbili

YAH: NGUZO MBILI ZILIZOZUIA MALORI KATIKA NJIA YA MINAZINI

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na familia yako. Sisi huku Kigamboni hatujambo kiasi, ila mzee wetu wa madafu yuko kitandani na mtulinga uliovunjika, na ndiyo sababu naandika. Barua tatu nilikuletea ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii ya nne naiandika hadharani.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, tulikuwa wanawake saba kwenye baiskeli. Tulishaipita Gezaulole, tunaelekea Kimbiji kwa ile njia ya udongo inayokatiza kwenye minazi na mikorosho. Mbele yetu kama hatua thelathini alikuwa mzee na baiskeli yake ya Phoenix, madafu yamejaa kwenye karia, mengine yananing'inia ubavuni mpaka karibu na ekseli. Tukasikia honi nyuma. Tipa la mchanga, linakuja kama liko lami. Sisi tulijitupa mikoroshoni. Mzee na mzigo ule angejitupa wapi? Alisogea pembeni, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga laini, usukani ukageuka, akaangukia bega.

Tipa halikusimama. Madafu yalitapakaa njia nzima, na moja lilikanyagwa na tairi la nyuma. Nililiona likipasuka, Mheshimiwa. Maji yake yalilowesha vumbi, pakabaki alama nyeusi ya ukubwa wa sinia, na utando wake mweupe umegandamana na mchanga. Nilipomfikia mzee, mkono umemlegea na uso umemwagika jasho, neno la kwanza aliloniambia ni hili: "Mama, niokotee madafu yangu, kuna watu wananisubiri Feri." Nilimfunga mkono kwa mtandio wangu. Bajaji tuliipata baada ya dakika arobaini, kwa sababu madereva wa bajaji sasa wanaikataa njia ile.

Naomba nikukumbushe njia yenyewe, maana uliipita kwa miguu yako. Juni 3 ya mwaka juzi, Siku ya Baiskeli Duniani, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2018, ulikuja na maofisa wako mmevaa fulana mpya. Tulitoka wote pantoni, tukapita Mjimwema, kusi likitupiga usoni. Mwezi wa sita kusi ndilo linalotawala, na anayekwenda Kimbiji analikabili safari nzima. Nakumbuka ulilalamika mapaja yanawaka, tukacheka pamoja. Tulipoiacha lami ulinyamaza. Kule honi hakuna. Unasikia cheni ya baiskeli yako, unasikia makuti, na mkono wa kushoto bahari inaonekana vipande vipande kati ya minazi. Ulisema hukujua kwamba ndani ya mkoa wa Dar es Salaam bado kuna mahali mtu anaweza kuendesha na kusikia anavyopumua.

Tukakaa chini ya mwembe, tukala mihogo ya kuchoma. Ukasimama, hakuna aliyekuomba, ukasema njia hii itabaki ya miguu, baiskeli na vyombo vidogo, na kwamba utaweka nguzo mdomoni pake. Tulikupigia makofi. Mzee wa madafu alikupa dafu na akakataa pesa yako.

Nguzo zilikuja mwezi wa nane. Mbili tu, za zege, zimeachana kama mita mbili na kidogo. Baiskeli inapita, bodaboda inapita, bajaji inapita, hata gari dogo lililobeba mgonjwa linapita taratibu. Tipa lina upana wa kama mita mbili na nusu, kwa hiyo tipa halipiti. Hakuna mlinzi wa kulipwa mshahara wala geti la kushika kutu. Mimi sikusoma uhandisi, lakini kazi nzuri naijua nikiiona, na ile ilikuwa kazi nzuri. Niliwaambia watu hivyo kila mahali nilipokaa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tukazikuta zimeng'olewa. Zimelazwa majanini, nondo zinatokeza chini kama mizizi. Hakuna aliyeona na hakuna aliyesikia.

Nani aling'oa? Sijui, na sitamsingizia mtu. Ila ninayo mawazo yangu. Shimo la mchanga lina njia yake ya juu inayotokea barabara kubwa, na malori yalikuwa yakiitumia miaka yote. Wengine wanasema mvua za vuli ziliikata. Wengine wanasema huko juu kuna kizuizi cha ushuru na huku kwetu hakuna. Mimi nadhani yote mawili yamo. Anayelipwa kwa tripu anataka tripu nyingi kabla jua halijawa kali. Dereva namwelewa. Nisiyemwelewa ni aliyezitazama zile nguzo zimelala miezi yote hii na kupita zake.

Maana wewe ni mhandisi, unajua kuliko mimi ardhi ya pwani ilivyo. Chini ni mchanga mtupu. Juu pana ganda la kifusi, na ganda hilo ndilo linalombeba mwenye baiskeli. Miguu na matairi membamba vinalishindilia tu, lakini tipa lililojaa likikimbia juu yake linalipigapiga mpaka njia inakuwa na migongo kama bati, kisha ganda linapasuka, mchanga unatokeza. Baada ya masika njia inashikana kidogo. Kikija kiangazi, kila lilipopasuka panakuwa shimo la unga, na baiskeli inasukumwa badala ya kuendeshwa. Tunapunguza upepo kwenye matairi, tunahamia baiskeli za matairi mapana, bado tunazama. Mzee wa madafu hana baiskeli ya matairi mapana, ana Phoenix aliyoinunua ujanani.

Sasa niseme na yangu. Mimi ni mama lishe. Siku sita kwa wiki nipo jikoni Feri tangu saa kumi alfajiri, nimesimama juu ya moshi. Miaka mitano iliyopita daktari alinipima presha akaniuliza, mama, unafanya mazoezi gani? Nikamwambia nasonga ugali. Hakuridhika. Nikajifunza baiskeli nikiwa na miaka 44, Mheshimiwa, kwenye njia ile ile, kwa sababu ndiyo pekee ambako mwanamke wa umri wangu angeweza kuyumbayumba na kuanguka bila kijiwe kizima kumcheka na bila lori kumpitia. Binti yangu alikuwa akikimbia nyuma ameshika karia. Siku alipoachia bila kuniambia nilikwenda kama mita mia peke yangu, nikalia. Kati ya wale saba, watano nimewafundisha mimi, na wote nimewafundishia pale.

Mwezi wa pili mwaka huu, baada ya nguzo kung'olewa, nilianguka kwenye yale mabati. Goti likavimba, siku kumi na tatu sikufungua mkahawa. Samaki nilioagiza waliharibika, deni la mchele likabaki pale pale, na kipindi hicho ada ya binti ilikuwa inadaiwa. Ringi ya mbele ilipinda, fundi akabadilisha spoki tisa. Nilikuandikia haya yote katika barua ya pili. Sijui kama ilifunguliwa. Presha yangu imepanda tena na dawa nimeongezewa, na usiku nikilala nasikia ile honi. Wawili katika kundi letu wamekatazwa na waume zao kuja. Siwezi kuwalaumu waume hao, maana hata mimi binti yangu nimemkataza.

Najua utaniambia kuna sehemu nyingine za kuendeshea. Wapi? Kando ya barabara ya mwendokasi ya Morogoro, iliyoanza kazi mwaka 2016, tulijengewa njia ya baiskeli kabisa. Nenda leo uone bodaboda na meza za wachuuzi zilivyojaa humo. Sisemi wafukuzwe, nao wanatafuta riziki kama mimi. Nasema tu kwamba iliyojengwa kwa fedha nyingi haipitiki, na hii ya kwetu, ambayo Mungu na wazee waliopanda minazi walitupa bure, inatushinda kuilinda kwa nguzo mbili.

Nilitaka kukuomba mengi. Nilitaka kuomba njia ya juu itengenezwe ili malori yasiwe na kisingizio, greda lipite mara moja kabla ya vuli, kibao kiwekwe, aliyemwangusha mzee atafutwe, mzee asaidiwe matibabu. Yote hayo ni haki yetu na siyafuti. Lakini nimeshaona kwamba ukiomba kumi unaambiwa yanashughulikiwa, na mwaka unaisha. Kwa hiyo naomba moja. Rudisha nguzo mbili. Pale pale zilipokuwa, kwa nafasi ile ile kati yake, na safari hii zichimbiwe chini zaidi.

Kama tatizo ni fungu, hatukuombi fungu. Simenti tutachanga sisi akina mama, kila mmoja mfuko. Nondo zipo, hazijaibwa, nilizikagua Jumapili. Mafundi tunao mtaani. Tunachokosa ni karatasi yenye sahihi yako, ili siku tukichimba asije mtu kutuuliza tumetumwa na nani.

Mzee nilikwenda kumwona jana. Baiskeli yake imeegemezwa ukutani nje, usukani bado umepinda, na mkewe ameanika nguo juu yake. Aliniuliza kama yule mheshimiwa aliyekunywa dafu siku ile anajua kilichotokea. Nikamwambia nitamwandikia.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa mdomoni mwa njia, zilipolala nguzo. Njoo, hata kama huna baiskeli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe wa Feri,
mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam