Barua ya wazi kwa mpwa wangu: ndege za Rufiji hazikuizamisha Königsberg kwa bomu

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Uliniandikia kwamba Julai 1915 ndege za Waingereza ziliizamisha manowari ya Kijerumani Königsberg kwa mabomu. Wengi husimulia hivyo, lakini sivyo ilivyokuwa. Kile kikosi kidogo cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza kilifanya kazi nyingine, na kwangu mimi kazi ile ndiyo yenye uzito.

Kumbuka tatizo lenyewe. Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu maji ni ya kina kifupi, na kutoka baharini mikoko iliiziba isionekane. Aliyehitajika ni mtu wa kuitazama kutoka juu.

Wa kwanza alikuwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa Durban pamoja na ndege zake za Curtiss zinazotua majini. Rejeta ilipoharibika, ililetwa ya gari la Ford kutoka Mombasa, ikafungwa, ndege ikaruka tena. Novemba 1914 aliiona meli. Mwezi uliofuata ndege yake ilishuka ndani ya delta, akatekwa.

Februari 1915 zikaja Sopwith mbili za majini, pamoja na marubani John Cull na Harold Watkins. Hapa ndipo joto la pwani lilipowashinda. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mabawa hayapati nguvu ya kutosha ya kuinua na injini nayo hupungukiwa. Ongeza uzito wa maboya ya kuelea, ambayo maji yaliyotulia huyang'ang'ania, na utaelewa kwa nini ndege zile hazikuweza kunyanyuka na mwangalizi pamoja na mabomu. Kibaya zaidi, gundi iliyoshikilia mbao ililainika juani, na rafadha, yaani panga za kuisukuma ndege, ambazo ni tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja, zikaanza kuachana. Fundi hodari hawezi kuziba kasoro ya namna hiyo kwa msumari. Ndege za Short zilizofuata mwezi Aprili zilifanikiwa kupiga picha za meli, lakini hazikupanda juu vya kutosha. Risasi za bunduki za kawaida zilizifikia.

Suluhisho likawa kuachana na maji. Kisiwa cha Mafia kilikuwa kimeshatekwa Januari, basi ukasafishwa uwanja, na Juni zikaletwa ndege nne za magurudumu: Henri Farman mbili na Caudron mbili. Kabla ya shambulio, moja ya kila aina ilikuwa imeshavunjika. Zilibaki mbili.

Mizinga yenyewe ilikuwa juu ya Severn na Mersey, manowari bapa zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilipiga kutoka kilomita 10 hivi, bila kuiona shabaha. Mwangalizi angani alitazama kila kombora limeangukia wapi, kisha akagonga herufi za Morse kwa redio: limepungua, limepita, kushoto, kulia. Redio yake ilituma tu, haikupokea.

Julai 6 mpango ulivurugika. Ndege moja ilidondosha mabomu alfajiri, yakakosa. Kisha manowari zote mbili zikapiga kwa wakati mmoja, na mwangalizi hakuweza kujua mrusho huu ni wa nani, kwa hiyo sahihisho lililoifaa Severn likaipotosha Mersey. Kila ndege zilipopokezana, wapiga mizinga walibaki vipofu. Yalirushwa makombora zaidi ya 600, Königsberg haikufa, na Mersey ikapigwa na kupoteza mabaharia.

Julai 11 wakabadilisha jambo moja tu: meli moja ipige kwa zamu yake. Cull aliendesha Farman, H. J. Arnold akiwa mwangalizi. Severn ikasahihishwa hatua kwa hatua hadi ikaanza kupata. Ndipo kombora la Wajerumani lilipoipiga ndege na injini ikafa. Hebu fikiria: wanashuka bila injini, Arnold anatuma habari kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua, na bado anaendelea kusahihisha, akiyasogeza makombora kutoka sehemu ya mbele ya meli kuelekea katikati. Walitua mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull akakwama chini ya maji kwa mkanda wake hadi akajinasua. Mashua ya Mersey iliwaokoa wote wawili. Ndege ya pili ikaendelea na kazi ile ile, na Looff mwishowe akailipua meli yake mwenyewe.

Kikosi kikahamia bara, kikawa Maktau, karibu na Voi. Mapema 1916 kikaja kikosi cha ndege cha 26 cha Waafrika Kusini kupitia Mombasa, kikiwa na ndege za BE2c na Henri Farman F27, ambazo fremu zake zilikuwa mabomba ya chuma badala ya mbao. Nayo mizinga 10 ya Königsberg Wajerumani waliitoa majini, wakaitengeneza Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus. Ukienda, angalia upana wa mdomo wake, milimita 105.

Wako,
Mjomba