Malalamiko: baruapepe za wanachama kukwama kwenye seva yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINT: UCHELEWESHAJI WA BARUAPEPE ZA SACCO

Kila mwisho wa mwezi Sacco yetu hapa Kisumu hutuma taarifa za akaunti kwa wanachama zaidi ya 12,000 kupitia seva yenu. Zinazotumwa asubuhi huwafikia wengine jioni. Kibaya zaidi, namba za siri za kuingilia akaunti, ambazo muda wake huisha baada ya dakika 10, hupangwa foleni hiyohiyo. Mwanachama aliye Siaya hupata namba iliyokwisha muda, kisha lawama zinatuangukia sisi kaunta.

Wahudumu wenu hujibu kwamba intaneti yetu ni ya polepole. Kumbukumbu za seva mlizotupa wenyewe zinawasuta. Postfix, programu ya kutuma barua kwenye seva yenu, hugawa ucheleweshaji wa kila barua sehemu nne, na mstari wa kawaida siku hizo husomeka delays=0.4/8940/0.9/0.7. Namba ya pili ni sekunde ambazo barua ilikaa tayari kutumwa ikikosa nafasi: karibu saa mbili na nusu. Kuunganisha na kukabidhi barua, yaani namba ya tatu na ya nne, hakukufika sekunde mbili. Intaneti yetu inaingiaje hapo?

Mmeacha default_process_limit, yaani kikomo cha nafasi za kutuma kwa wakati mmoja, kwenye 100 kama ilivyokuja, na seva hiyo inatumiwa na wateja wenu wengine pia. Barua inayoelekea kwa seva isiyoitika hushikilia nafasi moja kwa sekunde 30 kabla ya kuachwa. Zikijaa za namna hiyo, barua zenye anwani sahihi husubiri nyuma. Sisi hufuta kila anwani inayorudi na 550, jibu la kukataliwa kabisa. Orodha za wateja wengine ni jukumu lenu.

Shusheni smtp_connect_timeout, muda wa kusubiri seva iitike, hadi sekunde 5, na zinazoshindwa hapo zihamishiwe seva ya pembeni kwa smtp_fallback_relay. Ongezeni nafasi kadiri RAM inavyoruhusu. Namba za siri zipewe foleni na IP (anwani za mtandao) zake. Ila kikomo cha miunganisho 20 kwa kila kikoa (mfano gmail.com) msikiguse: mkikipandisha, Gmail huenda ikajibu 421, yaani ikatae kwa muda, na barua zikae dakika 5 au zaidi kabla ya kujaribiwa tena.

Tunataka jibu la maandishi kutoka kwa fundi, si dawati la simu, kabla ya taarifa za mwezi ujao. Ada ya mwezi huu irudishwe.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Mifumo