Lami kwanza, bomba baadaye, hesabu gani hii?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana nimeshaenda kwa mjumbe, nimeenda mpaka serikali ya mtaa, kote naambiwa vumilia mama, hayo ndo maendeleo.

Hapa mtaani kwetu Tabata tumekula vumbi miaka na miaka, siku greda lilipoingia watu tulitoka nje kuliangalia kama tumeletewa bibi harusi. Lami ikamwagwa, pembeni wakapanga na pevingi za waenda kwa miguu, watoto wa shule wakawa wanapita bila kukimbizana na bajaji. Haikufika hata miezi minne wakaja watu wa maji. Wakakata lami toka upande huu mpaka ule, wakang'oa pevingi mbele ya geti langu wakazipanga vizuriii pembeni mpaka nikasema hawa jamaa wako makini, bomba likalazwa, udongo ule ule ukarudishwa kwa koleo, wakarukaruka juu yake na mabuti, hao wakaondoka. Zile pevingi zikakaa pale wiki tatu zinapungua mojamoja, na zingine najua zimeishia chini ya simtanki la jirani ila simtaji, tunasalimiana.

Mvua za vuli zilipoanza ule mfereji ukatitia. Bodaboda mmoja kadondoka pale asubuhi na trei tatu za mayai, mtu mzima kakaa chini anaangalia ute unavyoingia kwenye shimo, hasemi kitu.

Sasa mimi sisemi wasichimbe, maji tunayataka. Shida ni wanavyofukia. Udongo unarudishwa kidogokidogo, tabaka moja linashindiliwa na mashine ndo linafuata lingine, ukija juu ndo unaweka kokoto na kiraka cha lami. Ukiumwaga wote kwa mkupuo ukakanyaga na buti, chini kunabaki na uwazi, mvua ikiingia lazima ushuke. Halafu kuna hili ambalo fundi bomba wetu wa hapa mtaani analisema kila siku: kabla ya lami, pitisheni chini ya barabara mabomba makubwa matupu, kila baada ya nyumba kadhaa, ili kesho mtu wa ng'ambo akitaka kuvuta maji apitishe la kwake humohumo ndani na lami isiguswe. Bomba tupu la plastiki ni shilingi ngapi ukiweka na bei ya lami?

Mdogo wangu yuko Winnipeg, kule Kanada, nikamsimulia akacheka sana. Kwao baridi ikikaza ardhi yenyewe inaganda kwenda chini mita mbili na zaidi, kwa hiyo bomba linazikwa chini kweli kweli, na bado baridi ya 2014 mabomba ya kuingia majumbani yaliganda mengi tu, manispaa ikawaambia baadhi ya wakazi waache koki wazi ichuruzike usiku na mchana, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikamwambia we acha, sisi yakitoka saa nane usiku tunaamka kukinga kwenye madumu, nyie mnaambiwa muyaache yaende! Na lami yao nayo inateseka, maji yanaingia kwenye nyufa, yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, yanaipasua, na miezi ya kuikarabati ni ile michache ya joto. Hao wakikwambia kazi ngumu utawaelewa. Sisi barafu tunaijua ya kwenye friji, tunakwepa masika tu, na bomba letu lililopita pale getini nililiona kwa macho yangu, kina chake hakizidi goti langu na mimi si mrefu.

Ninachoomba ni kidogo. Wa barabara na wa maji wakae meza moja kabla greda halijawashwa, kila mmoja aseme atapita wapi. Na anayekata lami aweke hela ya dhamana, arudishiwe pale masika ikishapita na kiraka hakijatitia, uone kama buti litatumika tena kushindilia. Na pevingi warudishe siku hiyohiyo. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa pembeni mwa barabara ili watu wapate pa kupita, sasa huku kwetu mtembea kwa miguu karudi palepale, anagombea lami na bajaji kwa sababu ya shimo.

Juzi wamekuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu, wamepiga alama ya X mbele ya duka la Mangi, kwenye lami ambayo bado nzima. Nikawauliza wanangu, hii ya maji au ya nini? Wakasema mama, sisi tumetumwa kupiga alama tu.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam