Ulezi wa Dura

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, watoto wazima, joto la huku unalijua mwenyewe. Najua una haki ya kununa. Tangu kipaimara cha Neema sijakupigia wala kukuandikia, na zile picha ulizonitumia niliziangalia zote nikasema nitajibu kesho, kesho ikawa miezi. Nisamehe. Leo naandika kwa sababu nina shida, na shida yenyewe anaiweza mama, Bibi Neema, kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma mpelekee shikamoo yangu.

Dura, kasuku wetu, aliumwa. Nusura tumkose.

Wewe unamkumbuka kwa kidole chako alichokitoa damu ile Idi. Sisi tunamjua kwa alfajiri. Kila siku adhana ikikaribia kwisha, anakohoa kikohozi cha baba: mara mbili kavu, halafu anasafisha koo, halafu "Bismillahi" ya chinichini. Baba ana miaka 6 kaburini. Zai hakumkuta, lakini ukimwuliza babu alikuwaje, anakukoholea, na ni chenyewe hasa. Sasa wiki tatu zilizopita niliamka, adhana ikaisha, kimya. Nikaenda na khanga yangu ya kulalia hadi barazani. Nikamkuta ameshuka kwenye kijiti, kakaa chini kabisa ya tundu, manyoya yamefura kama kuku wa mdondo, jicho moja limefumba. Kinyesi maji matupu. Mama Neema, miguu iliniisha nguvu.

Na aliyemlisha ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo. Dura tangu enzi za baba chakula chake ni alizeti na karanga. Mwaka jana daktari wa mifugo alipokuja kwa ng'ombe wa Baba Rehema nikamwomba ampitie. Akasema alizeti ina mafuta mengi, lakini kalsiamu ni kidogo na vitamini A ndogo zaidi, na hawa kasuku wa kijivu wakipungukiwa kalsiamu wanaanza kutetemeka, mwisho wanaanguka kama mwenye degedege. Karanga akazikataa kabisa: zikishika ukungu zina sumukuvu, na ndege mdogo kama yule hana ini la kuhimili. Akaniambia nimpe mchicha, majani ya mlonge, papai, boga, na nimwoteshee choroko. Mbegu ikianza kuota, ile akiba yake ya wanga na mafuta inaanza kutumika, vitamini zinaongezeka, na inakuwa laini.

Choroko hazikunisumbua. Naziloweka baada ya isha, asubuhi namwaga maji, nazitandaza kwenye chujio pana, nafunika kitambaa chepesi, naziosha asubuhi, adhuhuri na jioni, kila nikiosha nachuja mpaka tone la mwisho. Kwa joto letu, kesho yake jioni vimkia vimeshatoka, vyeupe, kama jino la mtoto linapochungulia. Siku ya kwanza alizimwaga zote sakafuni. Ya pili hivyo hivyo. Ya nne akaichukua moja kwa mguu, akaigeuza mbele ya jicho, akaivua lile ganda la kijani kwa ulimi taratibu sana, ganda likamganda mdomoni, naye akala kile cha ndani huku kafumba macho. Tangu hapo nikiingia jikoni anaita jina langu kwa sauti ya muuza pweza.

Basi nikasema nimwongezee. Maharage sikuyagusa, yale hata yakiota yana sumu yakiwa mabichi. Mtama uliota vizuri. (Mtama wa sokoni, wa kula. Kwenye duka la pembejeo kulikuwa na mtama mzuri, mpevu, nikauliza mbona mwekundu namna ile, kijana akanijibu ni dawa, huo ni wa kupanda. Ningemletea sumu huku nimeshika pochi.) Halafu nikakumbuka nyumbani kwenu Kibosho, yale majani ya mgomba na ulezi wa Bibi Neema ndani yake umeota, kimea cha pombe ya mbege. Nikasema, ikiwa mama anaotesha ulezi tangu usichana wake, sisi tunashindwaje?

Nikautia kwenye chupa ya jamu kwa sababu punje ni ndogo, zinapita kwenye tundu za chujio. Nikaosha, nikachuja nilivyoweza, lakini chini ya chupa paliendelea kubaki maji kidogo, na katikati zilishikana donge. Nilipoingiza kidole ndani ya donge palikuwa na moto. Siku ya pili ikatoka harufu ya uchachu. Na hapa ndipo pananiuma, shoga yangu. Niliinusa harufu ile nikaona kama ninayoikumbuka kwenu, nikasema hivi ndivyo ulezi unavyotakiwa kunukia. Nikamwekea Dura asubuhi, nikaenda kazini, kibakuli kikakaa kwenye joto mpaka narudi jioni. Daktari alipokuja hata hakuuliza mengi, alinusa chupa akanitazama. Akasema mbegu iliyoota vizuri inanukia kama udongo uliopata mvua, ikichacha ni ya kutupa, na hata iliyo nzima isikae tunduni zaidi ya saa mbili tatu. Harufu niliyoikumbuka ilikuwa ya mbege yenyewe, si ya kimea. Nililijua hilo baada ya mnyama kuanguka.

Alimpa dawa ya kutia mdomoni kwa bomba la sindano, siku 7. Zai anashika taulo, mimi nashika kichwa, na alivyokuwa hana nguvu hakuuma hata mara moja. Hilo ndilo lililotutoa machozi sote, maana Dura asiyeuma si Dura.

Shemeji, unamjua, akasema kwani tabu ya nini, nunua mwingine. Nilinyamaza kwa heshima. Lakini wa kununua yuko wapi? Huyu baba alimpata kwa yule mzee wa Bukoba, zamani hizo, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku kwa jinsi walivyopungua. Na hata angekuwepo wa bei ya nazi, atakohoa kikohozi cha nani?

Alhamisi alikula papai, akala na mbegu zake. Ijumaa alfajiri akakohoa. Mara moja tu, "Bismillahi" hakufika. Nilikuwa kwenye mswala, sikuweza kuendelea, nikaanza rakaa upya.

Choroko nimezirudisha, kidogo kidogo, kijiko kimoja asubuhi, na kinachobaki nakiondoa kabla ya kwenda kazini. Ulezi sijathubutu. Lakini bado nautaka, maana mwanzoni kabla haujachacha aliupenda kuliko vyote, alikuwa anaulamba punje punje. Ndiyo maana nakuomba ukae na Bibi Neema umwulize taratibu. Anauloweka kwa muda gani kabla ya kuufunika? Majani ya mgomba anayatoboa maji yatoke, au yanatoka yenyewe? Anaugeuza mara ngapi, na akikuta kati pana moto anafanya nini? Huko kwenu baridi, huku siku moja ni kama siku zenu mbili, sasa aliwahi kuuotesha kwenye joto? Mimi nautaka ukiwa mbichi, kimkia kimetoka tu, sitauanika. Je, hapo ndipo anaposema umeiva au bado? Na ulezi wenyewe anaununua kwa nani, una hakika haujapuliziwa dawa ya kuhifadhi? Kama anao wa uhakika, naomba kilo 2. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, andika namba yangu juu ya kifuko, nitakwenda stendi mwenyewe.

Maparachichi uliyosema utamletea Dura tuletee sisi watu. Kwa kasuku ni sumu kabisa, hata kipande.

Na wewe mgongo unaendeleaje? Neema amepangiwa shule ipi? Yule fundi alimalizia paa au ndiyo bado anakuzungusha? Mwezi wa 12 mnashuka Tanga kama mlivyosema? Mkija, Neema asiingize kidole tunduni mpaka nimtambulishe, maana nguvu zimeanza kurudi.

Nasubiri majibu ya Bibi Neema kuliko hata yako, usikasirike.

Wako akupendaye,
Mama Zai