Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vioo vya damu tupu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya rufaa huku Nyanda za Juu Kusini. Napaka rangi vioo vya sampuli, yaani vipande vya kioo vilivyopakwa seli za mgonjwa, na kuvipitia kabla havijafika kwa daktari wa patholojia, anayesoma seli na kutoa jibu. Nakuandikia kuhusu jibu ambalo linatoka mara nyingi mno kwa wagonjwa wenye uvimbe wa tezi ya shingo: "Sampuli haitoshi."

Huku kwetu rovu si jambo geni. Chumvi yenye madini joto imesaidia sana tangu miaka ya 1990, lakini kina mama bado wanakuja na uvimbe shingoni. Wengi wao hawana saratani, na kipimo cha sindano nyembamba, cha kuchukua seli za uvimbe ili zitazamwe kwa hadubini, ndicho kinachotuwezesha kuwatenga na wachache walio nayo, ili asiyehitaji upasuaji asipasuliwe, na anayeuhitaji asicheleweshwe.

Kwa mfumo wa Bethesda, wa kuripoti majibu ya seli za tezi hii, unaotumika sehemu nyingi duniani, sampuli inatosha ikiwa na angalau makundi 6 ya seli za tezi, na kila kundi lina seli zisizopungua 10 zinazoonekana vizuri. Seli zenye dalili mbaya, hata zikiwa chache, lazima ziripotiwe. Sasa mimi naletewa kioo chekundu mwanzo mpaka mwisho. Nazungusha hadubini, naona damu, damu, kisha pembeni kabisa seli mbili tatu zilizoharibika kwa sababu kioo kilichopaswa kuingia kwenye spiriti papo hapo kiliachwa mezani kikakauka. Hakuna daktari awezaye kusoma kitu hapo.

Tezi hii ina mishipa mingi ya damu. Sindano nene ikiingia na bomba likavutwa kwa nguvu, damu ndiyo itakayojaa. Sindano nyembamba, ya geji 25 au 27, ikichezeshwa kwa haraka ndani ya uvimbe kwa sekunde chache, mara nyingi huleta seli hata bila kuvuta bomba. Uvimbe ukiwa na maji ndani, anayechoma kwa kupapasa tu anaweza kuambulia maji matupu, ilhali ultrasaundi ingemwonyesha sehemu ngumu iliyobaki ukutani mwa uvimbe. Mashine ya ultrasaundi tunayo. Siku ya kliniki ya sindano inakuwa chumba kingine, na hakuna aliyepangiwa kuileta.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachotokea baada ya jibu. Mama ametoka Makete kwa basi, amelala kwa ndugu, amechomwa, amerudi kijijini. Akipigiwa simu na kuambiwa "hakijaonekana kitu," anamshukuru Mungu na kuendelea na shamba lake. Lakini hajaambiwa kwamba hana saratani! Hajapimwa bado. Hata kwenye mafaili nimeona jibu hilo likinakiliwa kana kwamba mgonjwa ni mzima.

Ombi langu kubwa, Mheshimiwa, ni mwongozo wa Wizara utakaotaka mtaalamu wa maabara awepo kliniki siku ya sindano, na hadubini yake na rangi ya haraka. Ndani ya dakika chache anaweza kusema kama seli zipo. Zikikosekana, mgonjwa anachomwa tena akiwa bado kitandani, na anayechoma anajifunza hapohapo mkono wake umekosea wapi. Hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji ratiba, mafunzo na ultrasaundi kusogezwa chumba cha pili.

Pia kila hospitali ihesabu majibu ya "haitoshi" na kuyaleta kwenye taarifa zake. Lengo linalokubalika ni yasizidi 10 katika kila sampuli 100. Sisi hatujui tuko wapi kwa kuwa hatujawahi kutakiwa kuhesabu. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo tayari, naomba kipimo cha kurudia kigharimiwe na bima, na hospitali iliyotoa jibu hilo iwe na wajibu wa kumtafuta mgonjwa na kumpa tarehe ya kurudi.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara, Nyanda za Juu Kusini